Mgeni na Lugha ya Kanisa
Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya watu 750,000 nchini walijitambulisha kuwa hawana dini. Je, makanisa yetu yanasema nao kwa lugha gani?

Yatazameni mabango ya mikutano ya injili hapa Nairobi. Mpita njia huahidiwa 'upako', kisha huhimizwa 'apande mbegu'. Mwenyeji wa ibada anaelewa. Mgeni aliyelelewa mbali na Biblia atadhani anaalikwa shambani. Hili la mbegu ndilo linikeralo hasa, kwa kuwa maana yake ni fedha, na fedha haifai kufichwa ndani ya sitiari. Sadaka ni neno wazi. Kwa nini likwepwe?

Waliotangulia walikuwa na busara zaidi. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, pamoja na waliomfuata, walikuta maneno kama sala, dhambi na imani, yenye asili ya Kiarabu, yamekwisha kuzoeleka miongoni mwa Waislamu wa pwani. Wakayatumia hayo hayo. Mafundisho yalikuwa mageni, lakini maneno yalikuwa ya msikilizaji mwenyewe.

Wala hili si suala la ufasaha tu. Baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kuanzia Aprili 2023, mgeni ana haki ya kuuliza mlangoni: ninaitwa kufanya nini, na kwa gharama gani? Mhubiri naye amjibu kwa Kiswahili cha sokoni, kabla ya kupitisha kikapu.