Makaburi Yatunzwa, Landhi Zaachwa Zianguke



Wageni wafikapo kilima cha Salaita huuliza habari ya siku moja tu: tarehe 12 Februari 1916, askari wa Afrika Kusini walipokwenda kuwashambulia Wajerumani wakarudishwa nyuma. Huonyeshwa kilima, hupiga picha, hurudi hotelini. Hatuwakatazi. Lakini karibu na kilima hicho yapita njia ya reli, na watu walioishi kwa reli hiyo hakuna awaulizaye.

Reli ilianza kulazwa kutoka Voi mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Ikapita Mwatate, Bura na Maktau, na mwaka 1916 ikafika Taveta, ikaendelea hata Kahe kuungana na ile ya Tanga na Moshi. Jeshi likaenda zake, sisi tukabaki na reli. Ikabeba katani ya mashamba, na watu. Penye stesheni palikuwa na ghala, nyumba ya stesheni masta, na kando yake landhi za genge: chumba kimoja kwa baba, mama na watoto, choo cha wote. Hatuzisifu. Wazee wetu walizipigia kelele miaka mingi, maana zilikuwa finyu kama matundu ya kuku. Ila humo Mtaita, Mkamba na Mjaluo walikopeshana unga mwisho wa mwezi, na humo wengi wetu tulizaliwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania ukafungwa. Katani nayo ilikuwa imeshapigwa na kamba za nailoni, na malori yakachukua mizigo iliyosalia. Leo hakuna gari la abiria liendalo Taveta. Na nyumba ikikosa mtu twajua mwendo wake: kwanza huondoka mabati, kisha milango, kisha mawe.

Makaburi ya askari pale Voi, Maktau na Taveta hutunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Vema. (Wachukuzi wetu waliokufa kwa maelfu katika vita hivyo, wengi hawana hata jiwe lenye jina.) Lakini je, aliyekaza misumari ya reli miaka thalathini hastahili kuachiwa chumba kimoja kisimame?

Wako watakaosema twataka kutunza vibanda badala ya kudai nyumba bora. Twataka vyote viwili. Mbovu na ibomolewe, lakini mwenye kukaa aambiwe kwanza, tena kwa barua. Kule Muthurwa, Nairobi, mwaka 2010 wapangaji, wakiwemo wastaafu wa reli, walitakiwa watoke na nyumba zikaanza kuvunjwa. Walikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2013 ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Wasingekuwa na umoja wasingefika hapo.

Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa urithi. Twaliomba tawi liandike, litaje stesheni moja ya njia hii pamoja na landhi zake. Na barua isiende mikono mitupu. Kila mwanachama amwendee mzee aliyekaa humo, aandike jina lake, kazi yake, miaka yake na namba ya chumba. Wazee hao wamebaki wachache, wengine wako Wundanyi, wengine wamekwisha kurudi Machakos. Karatasi zipelekwe kwa katibu kabla ya mkutano ujao.