Karata za Kijana Wetu na Mzigo wa Dada Yake



Mwezi huu tunawaletea habari ya mchezo wa karata. Tunajua baadhi yenu mmeshakunja uso, kwa kuwa katika makanisa yetu mengi neno karata huandamana na kamari, vijiwe na pesa ya chakula iliyopotea. Tunaomba mtuvumilie kidogo. Karata tunazozisema hapa hazichezewi fedha, na ni kwa njia ya karata hizo sisi wazazi tulifumbuliwa macho juu ya jambo lililokuwa nyumbani mwetu kwa miezi mingi nasi hatukuliona.

Kijana wetu ana umri wa miaka 11 na ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi huuita sikoseli. Mama mwenye mtoto wa namna hii anafahamu: baridi ikimpata, maji yakimpungukia mwilini, au akijichosha kupita kiasi, maumivu makali ya mifupa humshika na safari ya hospitali huanza. Likizo iliyopita aliimalizia wodini. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alitakiwa kupumzika, na mpira na wenzake haukuwezekana. Ndipo mpwa wetu aliyekulia Marekani alipomtumia kopo la bati lililojaa karata zake za utotoni, za mchezo uitwao Pokémon.

Mchezo ulivyo

Mchezo huu wa karata ulianza Japani mwaka 1996, na karata za Kiingereza zikatolewa Marekani mwaka 1999. Kila mchezaji huja na fungu lake la karata 60 alizozichagua mwenyewe. Karata za jina moja haziruhusiwi kuzidi 4, isipokuwa zile za nishati za kawaida.

Karata nyingine zina picha za viumbe vya kubuni. Kila kiumbe kina kiasi chake cha uhai, na kila kinapopigwa huwekewa alama za majeraha. Alama moja ni sawa na 10. Sisi tulitumia maharage. Kiumbe kimoja husimama mbele kupigana, na wengine, wasiozidi 5, hukaa benchi. Kila zamu yako ikifika unavuta karata moja, na unaruhusiwa kumpa mmoja wa viumbe wako nishati moja. Majeraha yakifikia kiasi cha uhai wake, kiumbe huzirai na kutoka mchezoni, na mpinzani huchukua moja kati ya karata 6 za zawadi alizoweka kando mwanzoni. Hushinda yule anayezimaliza zawadi zake kwanza, au ambaye mwenzake amebaki bila kiumbe mezani, au ambaye mwenzake anatakiwa kuvuta karata na fungu lake limekwisha.

Utamu wa mchezo uko katika kulipanga fungu. Karata moja peke yake ni ya kawaida tu, lakini ukizikutanisha mbili au tatu zinazosaidiana, hufanya jambo ambalo hakuna hata moja ingeliweza peke yake. Ni kama mchicha na karanga katika sufuria moja.

Fungu la "Hospitali"

Kijana wetu alizitandaza karata zote juu ya mkeka kwa siku mbili, akizisoma kwa msaada wa dada yake mwenye miaka 14. Mwishowe akapanga fungu aliloliita "Hospitali". Labda kwa sababu hospitali anaijua kuliko shule. Hebu tulieleze, ili mama anayependa aweze kulijaribu na watoto wake.

Mhimili wake ni Alakazam. Huyu, wakati wa zamu yako, anaweza kuhamisha majeraha kutoka kwa kiumbe wako mmoja hadi mwingine, mara nyingi upendavyo, mradi usimzimishe yule anayepokea. Ili umpate unaanza na Abra, anakua kuwa Kadabra, kisha Alakazam. Ukiwa na karata ya Pokémon Breeder unaweza kuiruka ile hatua ya katikati.

Wa pili ni Chansey, mnene, wa rangi ya waridi, mwenye uhai wa 120. Katika karata zile za kwanza za mwaka 1999 hakuna aliyemzidi kwa uhai. Huyu ndiye mbebaji wa majeraha ya wenzake. Anaweza kubebeshwa maharage 11, yaani 110, naye bado yu hai.

Ya tatu ni karata ya msaada iitwayo Pokémon Center. Hiyo huondoa majeraha yote ya viumbe wako wote kwa mara moja, lakini ina gharama: kila aliyekuwa na jeraha hupoteza nishati zake zote. Ukiitumia ovyo, utawaponya na kuwaacha hawawezi kupigana. Sasa tazameni muungano wake. Alakazam anayakusanya majeraha yote na kumpelekea Chansey, ambaye hukumpa nishati hata moja. Kisha unaitoa Pokémon Center. Chansey anapona, na wengine hawapotezi chochote, kwa kuwa hawana jeraha.

Mlangoni anawekwa Mr. Mime. Uhai wake ni 40 tu, lakini pigo la 30 au zaidi halimdhuru. Mapigo madogo humpata, nayo Alakazam anayahamisha. Mwisho kuna Scoop Up, inayomrudisha kiumbe mkononi mwako, na majeraha yake yakafutika.

Fungu lote lilikuwa hivi: Abra 4, Kadabra 3, Alakazam 3, Chansey 4, Mr. Mime 3. Karata za msaada: Pokémon Center 3, Scoop Up 4, Pokémon Breeder 3, Pokémon Trader 3 za kubadilisha kiumbe ulicho nacho mkononi kwa kingine kilichomo funguni, Switch 3 za kubadilishana wa mbele na wa benchi, Bill 4 za kuvuta karata mbili, na Professor Oak 3 za kutupa ulizo nazo mkononi na kuvuta saba mpya. Zilizobaki 20 ni nishati. Jumla 60.

Fungu hili ni la subira. Mara nyingi hushinda kwa kuvumilia hadi karata za mpinzani zinakwisha. Kwa hiyo usizitumie Bill na Professor Oak kwa pupa, usije ukamaliza zako kwanza. Chezeni mara tano kabla ya kubadilisha kitu. Karata inayokaa mkononi kila mara bila kazi, itoe.

Tahadhari moja kuhusu fedha. Karata hizi huuzwa katika pakiti zilizofungwa, ambazo hujui kilichomo mpaka ufungue, na hapo ndipo mtoto, na hata mzazi, huanza kuishi kwa kubahatisha. Tena hizi za mwaka 1999 hutafutwa na wakusanyaji, na nyingine ni ghali. Hamna haja. Zile ambazo kopo halikuwa nazo tuliziandika kwa kalamu juu ya vipande vya manila. Kwa kucheza nyumbani zinatosha kabisa. Nanyi keteni pamoja na mtoto, mzisome karata na kuzitazama picha zake kabla hajaanza kucheza, ili mjue anashika nini.

Yaliyotokea siku ile

Dada yake alijipangia fungu kwa karata zilizobaki. Alishindwa mara tatu mfululizo, na kijana wetu akacheka kicheko ambacho hatukukisikia tangu alazwe. Katika mchezo wa nne Chansey wake alikuwa benchi na maharage 11 mgongoni, akisubiri Pokémon Center ambayo ilikuwa bado haijaja mkononi. Dada yake akaweka karata iitwayo Gust of Wind. Karata hiyo humvuta mtu wa benchi na kumsimamisha mbele. Chansey akatolewa nje na mzigo wake wote. Pigo dogo la 10 likatosha.

Kijana alikasirika, akayasukuma maharage yakatawanyika sakafuni. "Dada, umefanya makusudi! Chansey ndiye mwenye nguvu kuliko wote!"

Dada yake aliinama, akawa anaokota maharage moja moja. Akasema taratibu, "Wewe ulimpa vyote, mdogo wangu. Ulidhani kwa kuwa ana nguvu, hasikii."

Tulikuwa tumeketi pale pale mezani, tukiandika orodha ya zamu za wauguzi wa wodi yetu ya juma lile. Kalamu ilisimama. Wodini hatuwezi kumwacha muuguzi mmoja akeshe na wagonjwa usiku baada ya usiku. Ipo orodha ukutani, na asiyeletewa wa kumpokea hulalamika, tena kwa haki. Je, nyumbani orodha iko wapi? Nani alipeleka uji wodini kila mchana? Nani alifua mashuka? Nani aliacha kwaya ya vijana, akashuka darasani kutoka nafasi ya 4 hadi ya 21, nasi tukamwambia amekuwa mvivu? Mara zote alikuwa ni yeye, naye hakuwahi kutujibu.

Usiku ule tulimwita jikoni, tukamwomba radhi. Kwanza alilia. Kisha akasema, "Mama, sikutaka kulalamika, kwa sababu yeye ndiye mgonjwa."

Wapendwa, neno hilo lilituchoma. Mtoto mgonjwa huonekana na kila mtu. Nduguye mzima, anayefanya yote bila kunung'unika, haonekani na yeyote, na hata pongezi tunazompa, "huyu ni jasiri, huyu ni mama mdogo", huwa ni namna ya kumwongezea harage jingine.

Tulichofanya

Tuliandika orodha ya zamu na kuibandika jikoni kama ya wodini. Baba yao alichukua siku za kliniki. Mama mmoja wa umoja wetu alijitolea kupeleka chakula kila Jumatano mtoto akilazwa. Kijana mwenyewe, siku anazojisikia vizuri, anakunja nguo na kuchambua mchele akiwa ameketi. Na Jumamosi jioni ni ya dada yake: kwaya, bila kuulizwa maswali.

Hatusemi kwamba mambo yote yamenyooka. Mwezi uliofuata kijana alilazwa tena, baba yao alikuwa safarini, na kwa siku mbili binti alibeba kikapu kama zamani. Lakini safari hii alijua kwamba siku ya tatu kuna wa kumpokea, na siku ya tatu akapokewa.

Kijana naye amebadilisha namna yake ya kucheza. Siku hizi huwaweka Chansey wawili benchi, na maharage anawagawia. Dada yake akiileta ile Gust of Wind, Chansey hupigwa, lakini hazirai. Hatukumfundisha sisi.

Mama mpendwa, usiku huu watoto wakishalala, hebu hesabu maharage ya nyumbani mwako. Ni nani aliyebeba 11? Huenda ni binti yako mkubwa, huenda ni dada wa kazi, huenda ni wewe mwenyewe. Usingoje mpaka upepo uje. Gawanyeni leo.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema ninyi na jamaa zenu.