Wakiuliza, Nasi Tuulize

Wanafunzi wenzangu, utasikia Kibera na Kawangware, "Ati wanatuuliza maswali, halafu wanapotea!" Utafiti wa kufuatilia magonjwa haujaribii watu dawa, huandika tu nani kaugua nini na lini. Je, una faida? Naam! Kati ya 2007 na 2009, KEMRI na wenzao wa Marekani walihesabu wagonjwa Gatwekera na Soweto, Kibera, wakaona homa ya matumbo inavyowaumiza watoto. Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia kuleta chanjo Kenya mwaka 2025, hata kwa mtoto wa Kawangware. Mali bila daftari hupotea bila habari, sembuse uhai! Basi tujibu. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatupa haki ya kuuliza: majibu yetu yanaenda wapi? Na matokeo yarudishwe mtaani.