Rutuba ya Kibanja Yatoka Wapi?

Mtu aingiaye Kimuli, katika Wilaya ya Kyerwa iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, huona migomba imezizunguka nyumba, na chini yake mibuni na maharage. Udongo wa kibanja ni mweusi na laini. Nje yake, kwenye nyika ya majani, udongo aghalabu ni wa rangi hafifu na mazao hayastawi. Husemwa kwamba nchi ya maziwa ina rutuba, basi. Maelezo hayo hayatoshi, kwani mvua inyeshayo pande zote mbili ni ile ile.

Tofauti hiyo imetengenezwa na watu. Kwa vizazi vingi ng'ombe walilishwa nyikani mchana na kurudishwa nyumbani usiku. Samadi yao ikawekwa mashinani mwa migomba. Majani yalikatwa nyikani yakatandazwa shambani, na jivu na maganda ya jikoni yakafuata njia hiyo hiyo. Tukiitazama kazi hiyo kwa jicho la kemia, twaona kwamba rutuba ilihamishwa. Kibanja kilitajirika na nyika ikafukarika. Wenzangu wanaousifu ujuzi wa mababu hulisahau jambo hili, na wanaoudharau hawajalifikia.

Utaratibu huo ulikuwa dhaifu mahali pamoja: ulimtegemea ng'ombe. Sotoka ilipofagia mifugo ya Karagwe katika miaka ya 1890, migomba nayo ilipoteza samadi. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011, lakini leo kaya nyingi hazina ng'ombe, na sehemu za nyika zimelimwa au kupandwa mikaratusi.

Wakati huo huo ndizi zinauzwa mbali, hata Mwanza na Dar es Salaam. Mwanafunzi na apige hesabu. Kilo moja ya nyama ya ndizi hubeba gramu 3 hadi 5 hivi za potasiamu, na ganda lina zaidi. Lori la tani 10 basi huondoka na kilo 30 hadi 50 za potasiamu, yaani zaidi ya iliyomo katika mfuko wa kilo 50 wa kloridi ya potasiamu. Zamani maganda yaliliwa na mbuzi wa nyumbani au kurudi shinani. Sasa yanaozea katika jalala la mjini. Bei ya mkungu haihesabu hasara hiyo.

Naitrojeni yaweza kurudishwa na maharage, kwa msaada wa bakteria wa mizizini waichukuao hewani. Potasiamu na fosforasi hazina ghala hewani. Hutoka katika mawe yamomonyokayo polepole mno, au huletwa na mkono wa mtu.

Kwa hiyo sioni sababu ya shule za sekondari za Kyerwa kufundisha mada ya rutuba kwa mifano ya mashamba ya ngano ya Ulaya, ambayo nami niliisoma huko. Shule na ichague kibanja kimoja, ipime kwa mizani kila mkungu utokao na kila mzigo wa majani, samadi na maganda ya kahawa uingiao, kwa mwaka mzima. Daftari hilo lisomwe mbele ya wazazi, na mwenye kibanja awe wa kwanza kuulizwa maoni yake.