Wazee wetu nao wahesabiwe

Ndugu msomaji, tuulizane bila kufichana. Bibi akianza kumwita mjukuu kwa jina la marehemu, akaenda dukani akasahau njia ya kurudi, watu wa mtaani kwako husemaje? Wako watakaosema ni uzee tu. Wako watakaocheka. Na wako watakaonong'ona kwamba karogwa, au kwamba mchawi ni yeye mwenyewe. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu. Kikongwe anayezurura usiku asijue alipo, nani atamtetea?

Sisi tunasema huo si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo, na unaoongoza kati ya magonjwa ya aina hiyo unaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906. Mgonjwa wake alilazwa Frankfurt mwaka 1901, mama wa miaka 51. Miaka 51! Huyo si kikongwe. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye maradhi haya ya kupotewa na kumbukumbu na akili, na zaidi ya 60 katika kila 100 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani huku kwetu walalahoi.

Sasa sikiliza kituko. Wagonjwa wengi wako huku, dawa zinajaribiwa kule. Dawa ya lecanemab ilipata idhini kamili Marekani mwezi Julai 2023, baada ya kujaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Watu weusi waliokuwamo hawakufika hata 3 katika kila 100. Na huko huko Marekani wazee weusi wanakadiriwa kuupata ugonjwa huu karibu mara mbili ya wazee weupe! Wanaougua zaidi ndio waliohesabiwa kidogo. Haki iko wapi?

Usije ukadhani dawa hiyo ni muujiza. Haiponyi. Ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27, na zaidi ya 12 katika kila 100 walioipata walionekana kwenye picha kuwa ubongo umevimba. Bei iliyotangazwa mwaka 2023 ni dola 26,500 kwa mwaka. Lakini hoja yetu si dawa hii moja. Hoja ni kwamba dawa iliyojaribiwa kwa wengine peke yao, siku ikishushwa bandarini Dar es Salaam, nani atakuambia itamfaa au itamdhuru mama yako? Siku hiyo ndipo atakapojaribiwa yeye, tena kwa pesa yake mwenyewe, bila daktari wa utafiti wa kumfuatilia.

Tunajua utajibu: wasitufanye panya wa majaribio. Hofu hiyo ina sababu. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliingiza watoto 200 katika jaribio la dawa ya Trovan, nusu yao wakipewa dawa nyingine ya kulinganisha. Watoto 11 wa makundi yote mawili walikufa, na familia zikalalamika kwamba hazikuelezwa kuwa ule ulikuwa utafiti. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na Jimbo la Kano. Funzo lake ni moja: anayeingia jaribioni bila kuuliza anaingia gizani.

Lakini penye utaratibu jambo linawezekana, na mfano uko hapa hapa nchini. Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Walikuta kati ya 6 na 7 katika kila 100 wana maradhi ya namna hii. Baadaye, huko huko Hai, wazee 34 waliingia katika jaribio la tiba isiyo na sindano wala kidonge: kukaa kikundi, kuzungumza, kucheza michezo na kuchangamsha akili kwa vikao 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na uwezo wao wa akili ulionekana kupata nafuu.

Kijana wa mjini, hapa ndipo unapoingia wewe. Mzee hatatafuta kwenye simu. Wewe simu unayo mkononi kutwa kucha. Yako madaftari ya wazi ya majaribio ya tiba. La Marekani ni ClinicalTrials.gov, lililofunguliwa mwaka 2000. La Afrika, linaloitwa PACTR, liko Cape Town. Andika neno Alzheimer na jina la nchi, usome. Mengi utakuta yako Marekani na Ulaya, basi mwenye shangazi aliyezeekea London au Minnesota ampelekee habari.

Kwa hapa nyumbani, anza na kumpima mzee. Mpeleke hospitali ya rufaa yenye daktari wa ubongo au wa magonjwa ya akili. Majaribio mengi ya dawa yanataka mtu ambaye ugonjwa umethibitishwa na bado uko mwanzoni. Ukimficha chumbani miaka mitano kwa aibu, mlango umeufunga wewe. Tena yanataka mtu wa karibu wa kumleta kliniki na kueleza anavyoishi. Mtu huyo ni nani kama si wewe?

Wakija na fomu, kaa chonjo. Uliza: jaribio lina namba gani katika daftari? Kibali cha NIMR na cha TMDA kiko wapi? Ni awamu ya kwanza, ambako wanapima usalama kwa watu wachache, au ya tatu yenye watu wengi? Je, mzee anaweza kuangukia kundi linalopewa dawa tupu isiyo na kitu ndani? Akidhurika, nani atalipa matibabu? Jaribio likiisha na dawa ikafaa, ataendelea kuipata? Fomu iwe kwa Kiswahili, na wewe upewe nakala.

Mtu akikudai pesa ili mzee apewe dawa ya majaribio, huyo ni tapeli, mwache. Na mzee mwenyewe akisema hataki, hata kama kumbukumbu imemtoka, Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia linataka akataavyo kuheshimiwe. Aliyekwisha kuingia anaweza kutoka siku yoyote, na haki yake ya kutibiwa inabaki pale pale.

Kwa wakubwa tuna neno moja. Orodha ya majaribio yote yaliyoruhusiwa nchini ibandikwe kwa Kiswahili katika kila hospitali ya mkoa, na matokeo yarudishwe kijijini yalikotoka. Haiingii akilini profesa wa Ulaya ajue habari za wazee wa Hai kabla ya mjukuu wao anayeuza mitumba Karume!

Na wewe msomaji, usingoje wakubwa. Wiki hii muulize mzee wako leo ni siku gani, jana alikula nini, na nauli ya kwenda mjini ni kiasi gani. Akijikanganya, acha kucheka. Mpeleke akapimwe.