MIFUKO YA HEWA HAIONGEZI NGUVU YA GARI



Maneno yameenea kijijini kwamba dawa ya pikapu yetu imepatikana. Eti tununue mifuko miwili ya mpira, ifungwe nyuma kati ya ekseli na chesisi, ijazwe upepo, halafu pikapu ivute tela lenye uzito wa tani mbili badala ya moja. Mafundi wa mjini wameisifu, na ndugu zetu wawili watatu wamekwisha anza kuhesabu faida. Mimi napinga, tena napinga hadharani, kwa sababu fedha inayotakiwa ni ya wote, na barabara gari litakayopita ndiyo hiyo hiyo wanayopita watoto wetu kwenda shule.

Tuelewane kwanza mfuko huo unafanya nini. Gari likifungwa tela zito, makalio hukaa chini, pua hupanda, taa humulika matawi ya miti. Mfuko ukijazwa upepo hunyanyua nyuma, gari likakaa sawa. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Tena ukishusha mzigo unapunguza upepo, gari halirukiruki kama lile lililoongezwa vyuma vya springi. Simnyimi mfuko haki yake.

Lakini kunyanyua si kubeba. Ekseli ni ile ile, beringi zile zile, tairi zile zile, breki zile zile. Uzito wa mwisho uliowekwa na kiwanda cha gari hauongezeki hata kilo moja, na viwanda vinavyouza mifuko hiyo huandika hivyo katika maelezo yao. Leo gari likielemewa linatuambia: linainama, tunashusha magunia. Sasa tunataka kuliziba mdomo. Ni lumbesa tu hiyo! Kwa macho ni gunia moja, mgongo wa mpagazi ndio unaojua.

Hebu tupige hesabu. Tela la kilo 2,000 likipangwa vizuri huweza kuweka kilo 300 kwenye ndoano. Tuseme ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Uzito huo hufanya kama mtoto aliyekalia ncha ya ubao wa pembea: unanyanyua kilo 120 kutoka mbele, na ekseli ya nyuma inapokea kilo 420. Hiyo ni zaidi ya mifuko minane ya mbolea ya kilo 50, na kwenye bodi hatujapakia kitu! Mfuko wa hewa haurudishi zile kilo 120 mbele. Unanyanyua mkia basi. Usukani unabaki mwepesi, na tairi za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa wakati wa kufunga breki, hazikanyagi ardhi sawasawa.

Tena springi hushika chesisi mahali pawili, mbele ya ekseli na nyuma yake. Mfuko husukuma mahali pamoja, pale juu ya ekseli, huku ndoano ikivuta mkia chini. Mmeona mtu anavyovunja ukuni kwenye goti. Kule Australia, wenye pikapu za milango minne wamefunga mifuko hii wakavuta karavani nzito katika barabara mbovu, na zipo zilizopinda chesisi nyuma ya chumba cha dereva. Barabara yetu ya kwenda gulioni mnaijua wenyewe.

Na tela letu halina breki, jambo ambalo wapiga debe wa mifuko hawalisemi kabisa. Ulaya na huko huko Australia, tela likizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake linatakiwa liwe na breki zake lenyewe. Sisi tunazungumza habari ya tani mbili, katika mteremko wa mtoni, wakati wa masika. Likianza kuisukuma pikapu, upepo wa kwenye mpira utalizuia?

Nimesikia pia shauri kwamba tupakie mzigo nyuma ya tela ili ndoano ipumzike. Jamani, hapana! Tela lenye uzito nyuma huyumba kama mkia wa samaki, na mwendo ukizidi hulivuta gari zima kando. Mzigo ukae katikati, uelekee mbele kidogo.

Halafu nani atatunza? Mingi ya mifuko hii haitakiwi kushuka chini ya upepo wa 5 wala kuzidi 100, kwa kipimo kile kile cha tairi. Inataka kupimwa kila safari, na isiguswe na bomba la moshi wala jiwe kali. Sisi hawa hawa ambao tairi la akiba limelala bila upepo tangu mavuno?

Basi Jumamosi, mkutanoni, nitaleta pendekezo hili: fedha hiyo ilifunge tela breki, inunue tairi mbili za nyuma, na mbolea isombwe kwa safari mbili. Mafuta ya safari ya pili nimeyapigia hesabu, karatasi anayo katibu. Wenye hoja ya mifuko waje na kijitabu cha gari, watuonyeshe ukurasa unaoruhusu tani mbili.

Mwanachama, kamati ya usafiri