Tulivunja Kanda Bila Kuisikiliza

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka 1996 nilimnyang'anya mpwa wangu kanda aliyoletewa na rafiki yake kutoka Marekani, nikaivunja kwa kisigino mbele ya macho yake. Juu ya karatasi yake palikuwa na dude lililochanganya panya, popo na buibui. Hilo lilinitosha. Sikusikiliza hata wimbo mmoja, na usiku ule nililala nikijiona mjomba mwema.

Kijana hakulia. Aliokota utepe uliotapakaa sakafuni, akauzungusha mkononi, akatoka. Tangu siku hiyo hakuniletea tena neno lolote la moyoni mwake.

Kanda ile ilikuwa Walk Among Us, iliyotolewa mwaka 1982 na bendi ya Misfits, vijana wa Lodi, mji mdogo wa New Jersey, walioanza kupiga muziki wa panki mwaka 1977. Mwimbaji na mtunzi wao alikuwa Glenn Danzig. Nyimbo ni 13, na zote pamoja hazifiki nusu saa. Gitaa linakwaruza, ngoma zinakimbizana, na viitikio ni vya kuimbwa na umati mzima. Wanaimba habari za maiti wanaofufuka, wanyonya damu na viumbe wa sayari ya Mars.

Sasa nawauliza wenzangu wanaopiga kelele kwamba huo ni muziki wa shetani: mambo hayo waliyatoa kuzimu? La hasha! Waliyatoa kwenye sinema. Night of the Living Dead ni jina la filamu ya George Romero ya mwaka 1968. Vampira alikuwa mwanamke aliyetangaza filamu za kutisha katika televisheni ya Los Angeles miaka ya 1950. Hata fuvu ambalo ni nembo ya bendi lilitoka katika sinema ya mfululizo ya mwaka 1946, The Crimson Ghost. Yaani alama tunayoikemea kwa sala ni uso wa bandia wa mwigizaji.

Na sisi tulilelewa na nini? Bibi alipunguza utambi wa taa, akatusimulia zimwi lililomeza kijiji kizima mpaka likapasuliwa tumbo watu wakatoka. Tulitetemeka, tukabanana mkekani, na kesho yake tukamwomba asimulie tena. Mtoto huizoea hofu kwa kuichezea. Vijana wa Lodi walifanya hivyo hivyo, ila wao walitumia magitaa.

Mtu atasema: kanda moja ni kitu gani? Kitu ni mazoea ya kuhukumu kwa sura. Mwaka 1994, huko Arkansas, vijana watatu wa West Memphis walitiwa hatiani kwa mauaji ya watoto watatu. Miongoni mwa yaliyoelezwa mahakamani ni mavazi yao meusi, vitabu vya kutisha na muziki mzito waliopenda. Wawili walifungwa maisha, mmoja akahukumiwa kifo. Waliachiwa mwaka 2011, baada ya miaka 18, kwa mapatano ya kisheria yaliyowaruhusu kuendelea kusema kwamba hawakuua. Wala tusiwacheke Wamarekani. Kwetu Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni walizotupikia. Anayeona fuvu akasema shetani, na anayeona jicho jekundu akasema mchawi, wamesoma darasa moja.

Sisemi kwamba kila neno katika santuri ile ni jema. Upo wimbo unaofanya vichwa vya wasichana kuwa mapambo ya ukutani. Nimeusikia, sikuupenda, na ningependa kumwambia kijana kwa nini sikuupenda. Lakini ili nimwambie hayo, ilinipasa kwanza nikae naye niusikilize. Mzee aliyevunja kanda hana tena la kufundisha. Amekwisha kufundisha kwamba mwenye kisigino kizito ndiye mwenye haki.

Miaka mingi baadaye niliitafuta santuri ile, nikaisikiliza yote, kisha nikaenda kwa mpwa wangu kumwomba radhi. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Alicheka kidogo, akaniambia, "Mjomba, ungeniuliza tu."

Wazee wenzangu, kanda zimepita, lakini visigino bado tunavyo. Mtoto wako akija leo na jambo linalokutisha, vua kiatu kwanza. Kaa chini. Muulize.